Waliposema Haiwezekani

Mzazi ampelekaye kijana wake kusomea uhandisi huuliza karo ni kiasi gani na kazi zapatikana wapi. Ni nadra kuuliza iwapo huko atafundishwa maadili ya kazi yake. Somo hilo lipo, na miongoni mwa visa vinavyosomeshwa sana ni kile cha Therac-25, mashine ya kutibu saratani kwa mionzi iliyoundwa na kampuni ya serikali ya Kanada.

Mwezi wa Juni 1985, katika mji wa Marietta, jimbo la Georgia nchini Marekani, mwanamke aliyekwisha kupasuliwa titi alilazwa chini ya mashine hiyo. Alihisi joto kali, akamwambia mhudumu kuwa amemchoma. Akajibiwa kwamba jambo hilo haliwezekani. Baadaye titi lilibidi kuondolewa, na mkono wake ukapooza. Hadi Januari 1987 watu sita walikuwa wamepigwa na mionzi kupita kiasi, huko Marekani na Kanada, na baadhi yao wakafa.

Waundaji hawakuwa na nia mbaya. Therac-20 iliyotangulia ilikuwa na vizuizi vya umeme vilivyoisimamisha mashine kabla haijamdhuru mtu. Katika hii mpya waliviacha, wakaikabidhi programu ya kompyuta amana yote ya ulinzi. Kumbe kosa lile lile lilikuwamo hata katika programu ya mashine ya zamani. Vizuizi ndivyo vilivyokuwa vikilisitiri.

Aliyelifichua ni mhudumu wa mashine, si muundaji. Mjini Tyler, Texas, mwezi wa Machi 1986, mhudumu mwenye vidole vyepesi alikosea herufi moja, akaisahihisha upesi. Kompyuta ikamtolea namba 54, bila ya maelezo ya maana, na mgonjwa akaungua. Kampuni ikashikilia kuwa mashine yake haiwezi kuzidisha mionzi. Wiki tatu baadaye yakatokea yale yale, mikononi mwa mhudumu yule yule. Safari hii yeye na mtaalamu wa fizikia wa hospitali walikaa wakarudia kuandika, tena na tena, mpaka wakaweza kulitoa kosa hilo wapendapo. Lilijitokeza pale tu mtu alipoandika kwa kasi, yaani kwa yule aliyeizoea kazi yake!

Mwaka 1993 Bi. Nancy Leveson na mwenzake Clark Turner walichapisha uchunguzi mrefu wa mkasa huu, na hadi leo wanafunzi huusoma. Kwa maoni yangu, wengi huvutiwa mno na kosa la programu, wakapita haraka juu ya yule mama wa Georgia, ambaye alisema kweli tangu siku ya kwanza.

Basi kijana wako arudipo likizo, mpe chai kwanza, kisha mwulize: mteja akikwambia kitu chako kimemuumiza, na hesabu zako zasema haiwezekani, utaanza kutafuta wapi?