Kompyuta Pepe Isakinishwe na Mwanachuo Mwenyewe

Katika vyumba vingi vya kompyuta kuna sheria moja ambayo haikuandikwa ukutani, lakini kila mwanachuo anaijua: usiguse usichoagizwa kugusa. Sababu yake twaifahamu. Mkufunzi aliyekabidhiwa mashine kumi na mbili kwa wanachuo sitini hawezi kufurahi aonapo moja imeharibika kwa kuwa mtu amefuta faili ambayo hakuelewa kazi yake. Fundi yu mbali, fedha ni haba, na muhula haungoji.

Hata hivyo, madhara ya sheria hiyo hujitokeza baadaye katika shule ya msingi. Mwalimu aliyefunzwa kwa kukatazwa hufundisha kwa kukataza. Atawapanga watoto nyuma yake, abonyeze yeye, nao watazame. Siku mashine itakapoandika ujumbe wa hitilafu, ataizima na kuifunika kitambaa. Zimekuwapo kompyuta zilizokaa kabatini miaka mingi, si kwa sababu ni mbovu, bali kwa sababu hakuna aliyethubutu kuzishika.

Maoni yetu ni kwamba dawa ya woga huu ipo, haidai ada ya leseni, na yaweza kuwekwa katika mashine zilezile tulizo nazo. Dawa hiyo ni kompyuta pepe. Tena twadai jambo moja zaidi: kazi ya kuisakinisha wasiachiwe fundi wala mkufunzi. Aifanye mwanachuo mwenyewe, kwa maana nusu ya somo imo katika kazi hiyo.

Maana ya kompyuta pepe

Kama vile barua pepe ilivyo barua isiyo na karatasi, kompyuta pepe ni kompyuta isiyo na chuma chake yenyewe. Ni programu inayoazima sehemu ya kumbukumbu, diski na prosesa ya kompyuta halisi, kisha ikajionyesha kama mashine kamili ndani ya dirisha moja. Ndani ya dirisha hilo huwekwa mfumo endeshi mwingine, ambao twaweza kuuita mgeni. Mgeni huyo hufanya kazi kana kwamba nyumba yote ni yake. Akiharibika, mwenyeji hadhuriki.

Wazo hili si geni. Kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza mfumo wake wa VM/370 mwaka 1972, wakati mashine moja kubwa ilipokuwa ghali mno, ili watu wengi waitumie kwa pamoja na kila mmoja ajione ana mashine yake. Linux nayo, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, hutolewa kwa uhuru wa kuitumia, kuichunguza na kuinakili. Programu ya VirtualBox ilitolewa mwaka 2007, na sehemu yake ya msingi ni programu huru vilevile. Kwa hiyo chuo chenye mashine za Linux kina karibu kila kitu kinachohitajika.

Hatua na mafunzo yake

Tuchukue mfano wa mashine yenye Ubuntu, mojawapo ya matoleo ya Linux yanayotumika sana. Mwongozo wa kawaida humpa mwanafunzi amri za kunakili, naye hunakili kama anavyonakili ubaoni. Njia hiyo huisakinisha programu, lakini haimfundishi mtu. Sisi twapendekeza kila hatua ipite milango minne: tabiri, tenda, soma, eleza.

Hatua ya kwanza ni kuipima mashine. Mwanachuo aandike amri «lscpu», kisha atafute katika majibu mstari unaotaja VT-x au AMD-V. Huo ni uwezo wa prosesa wa kubeba kompyuta pepe. Usipoonekana, huenda prosesa haina uwezo huo, au unao lakini umefungwa katika mipangilio inayofunguliwa kabla mfumo haujaanza kazi. Hapa mwanachuo hujifunza kupima kabla ya kujenga, kama mwashi apimavyo kiwanja.

Hatua ya pili ni kuandika «sudo apt update», na baada yake «sudo apt install virtualbox». Neno «sudo» huomba mamlaka ya msimamizi, na ndiyo sababu mashine hudai neno la siri. Neno hilo linapoandikwa, katika matoleo mengi ya Ubuntu hakuna chochote kinachotokea kwenye skrini, hata nyota moja. Mwanachuo hudhani kibodi imekufa. Mkufunzi asiharakishe kumwokoa. Amuulize: kwa nini mtengenezaji ameamua lisionekane, wala idadi ya herufi zake isijulikane? Jibu likitoka kwa mwanachuo, hatalisahau.

Hatua ya tatu ndiyo yenye mafunzo mengi kuliko zote. VirtualBox huhitaji kuingiza vipande vyake ndani ya kiini cha Linux, yaani ile sehemu ya mfumo inayotawala chuma cha mashine. Lakini kompyuta nyingi za siku hizi zina ulinzi ambao, mashine inapowashwa, huchunguza kama vipande vya namna hiyo vina sahihi inayotambulika. Ulinzi huo ukiwapo, Ubuntu humtaka mtumiaji atunge neno la siri wakati wa kusakinisha. Mashine inapowashwa upya hutokea skrini ya buluu inayomtaka asajili ufunguo na kulirudia neno lilelile. Asiyesoma hubonyeza kitufe cha kuendelea, na baadaye kompyuta pepe hukataa kuwaka, ikisema kwamba kiendeshi cha kiini hakikusakinishwa. Mwenye woga ataona ametenda kosa kubwa. Aliyezoezwa kusoma ataona kwamba mashine imemtajia ugonjwa wake kwa jina.

Hatua ya nne ni kumwandalia mgeni makao. Tuseme mashine ina gigabaiti 8 za kumbukumbu, na mgeni ni mfumo wa Debian. Apewe ngapi? Akipewa 7, mwenyeji atasongwa na vyote viwili vitakwama. Akipewa 2, kazi nyepesi zitakwenda. Diski ya gigabaiti 25 yaweza kuundwa kwa namna ya kukua kidogo kidogo, isichukue nafasi yote siku ya kwanza. Hili ni somo la kugawa rasilimali, na mwalimu wa Hisabati atalipenda.

Hatua ya tano ni kuharibu kwa makusudi. Kwanza mwanachuo ahifadhi picha ya hali ya mashine ilivyo, jambo ambalo VirtualBox hulifanya kwa mibonyezo michache. Kisha afute, abadilishe, avuruge, hata mgeni ashindwe kuwaka. Baada ya hapo airudishe ile picha, na mashine itasimama kama ilivyokuwa.

Tahadhari mbili zatosha. Mwanachuo ahakikishe kila mara kwamba yumo ndani ya dirisha la mgeni kabla ya kufuta chochote. Pili, folda iliyoshirikishwa baina ya mgeni na mwenyeji ni mali ya mwenyeji: faili ikifutwa humo imefutwa kweli, na picha ya hali haitairudisha.

Hoja za wanaopinga

Wako wasemao kwamba mwalimu wa shule ya msingi si fundi. Ni kweli, wala hatutaki awe fundi. Lakini mwalimu wa Sayansi si daktari, na bado tunamtaka ajue jinsi moyo unavyosukuma damu. Mwalimu wa shule ya mbali hawezi kusubiri fundi kwa kila tatizo dogo.

Wengine husema mashine zetu ni dhaifu. Mgeni asiye na mazingira ya madirisha, anayeendeshwa kwa amri za maandishi tu, huridhika na gigabaiti 1 ya kumbukumbu au pungufu. Kuhusu gharama ya intaneti, faili ya kusakinishia mfumo mgeni yaweza kupakuliwa mara moja tu na kusambazwa kwa flashi kutoka mashine hadi mashine.

Hoja iliyo nzito ni ya wakati. Ni dhahiri kwamba njia ya kutabiri na kueleza huchukua muda kuliko kunakili amri. Twapendekeza vipindi vinne: cha kwanza kupima na kusakinisha, cha pili kumwandaa mgeni, cha tatu kuharibu na kurejesha, cha nne kila jozi kuandika andalio la somo kutokana na hitilafu moja iliyoipata. Wanachuo wafanye kazi wawiliwawili, mmoja akibonyeza na mwenzake akisoma kwa sauti na kuandika daftarini, kisha wabadilishane.

Kipindi hicho cha nne kisiachwe. Ndicho kinachomgeuza mwanachuo kutoka mtu aliyeweza kusakinisha programu kuwa mwalimu anayejua mwanafunzi hukwama wapi na kwa nini. Nanyi walimu mnaojiandaa kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, mtakapokabidhiwa darasa na mashine moja ya kutumiwa na watoto arobaini, msianze na orodha ya makatazo. Muweke kompyuta pepe, mhifadhi picha ya hali yake, kisha mmwite mtoto wa kwanza aje abonyeze.