Dini Si Hati ya Mashtaka

Katika mkutano wa kampeni uliofanyika katika jimbo la Minnesota, Marekani, Oktoba 10, 2008, mama mmoja alimwambia mgombea urais wa chama cha Republican, John McCain, kwamba hamwamini Barack Obama kwa sababu ni Mwarabu. McCain alimkatiza: sivyo, Obama ni muungwana mwenye familia yake. Wengi walimsifu. Lakini jibu lile liliacha ieleweke kwamba Uarabu na uungwana havikai pamoja.

Hiyo ndiyo kasumba iliyotapakaa katika siasa za nchi ile tangu Septemba 11, 2001, wauaji waliojificha nyuma ya Uislamu walipoangamiza karibu watu 3,000, Waislamu wakiwamo. Badala ya kuwalaani wauaji peke yao, wanasiasa wenye uchu wa madaraka na wahubiri wenye siasa kali waliihukumu dini nzima, na kwa kufanya hivyo wakawapa wauaji ushahidi walioutafuta. Obama, Mkristo, mwana wa Mkenya, alivumishiwa kuwa ni Mwislamu, na jina lake la kati, Hussein, likafanywa kithibitisho. Watetezi wake wakahangaika kukanusha, kana kwamba wanamtetea mwizi.

Aliyeushika mzizi wa fitina ni Colin Powell, aliyepata kuwa Waziri wa Mambo ya Nje, mwanachama wa chama kilekile cha McCain. Oktoba 19, 2008, aliuliza katika televisheni: hata kama angekuwa Mwislamu, kuna ubaya gani? Akakumbusha kaburi la askari Mwislamu wa Marekani, kijana wa miaka 20, aliyefia Irak akiitumikia nchi hiyohiyo.

Fitina hiyo ilimfaa nani? Mwezi uliotangulia benki ya Lehman Brothers ilikuwa imeanguka, na wafanyakazi wengi walikuwa wakipoteza kazi na nyumba zao. Kabwela anayeshughulishwa na jina la mgombea hapati nafasi ya kuuliza ni nani aliyemnyang'anya nyumba.

Uvumi usiokemewa hugeuka amri. Desemba 2015, Donald Trump, akiwania urais, alidai Waislamu wazuiwe kuingia Marekani. Januari 2017, akiwa Rais, alitia saini amri ya kuwafungia mlango raia wa nchi saba zenye Waislamu wengi, Somalia na Sudan zikiwamo.

Watanzania wasidhani hayo ni ya mbali. Ni kweli kwamba tangu sensa ya mwaka 1967 mwananchi hajaulizwa dini yake katika sensa, na mwaka 1995 Mwalimu Nyerere aliutaja udini miongoni mwa nyufa za taifa. Lakini ufa hauzibwi kwa kutajwa. Mkuu mpya wa shule au wa idara anapoteuliwa, hakosekani mtu wa kunong'ona: "Huyu ni wa dini gani?" Mtumishi au mwalimu anayelijibu swali hilo, hata kwa nia njema ya kumtetea mwenzake, amekwisha kukubali kwamba dini ni hati ya mashtaka. Hapana budi swali lenyewe likataliwe, aulizwe muulizaji: dini yake inahusu nini na kazi aliyopewa? Ulinzi huo ni haki ya Mwislamu, ya Mkristo na ya asiye na dini, nao huanzia ofisini na katika chumba cha walimu, kabla mnong'ono haujafika jukwaani.