Risasi isiyo na mlio

Na Rehema Kibwana

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye kicheni pati ya binti wa jirani yangu, hapa Temeke. Zawadi zilipofunguliwa ikatoka sufuria nyekundu ya chuma kizito yenye enameli, imetumwa na shangazi yake aliyeko Marekani. Vigelegele vilianza, vikakatika. Somo wa bibi harusi, mtu wa heshima zake, aliinua mfuniko, akaugonga kwa ukucha, akasema: "Mwanangu, hii iweke kabatini. Rangi hii ikipata moto ni sumu." Akina mama wakatikisa vichwa kukubali. Wakati huo, uani, pilau letu lilikuwa linakaukia ndani ya masufuria mawili makubwa ya kumimina, yale mazito ya alumini yenye mgongo wa kukwaruza. Hayo hakuna aliyeyatilia shaka.

Mimi niliyatilia shaka, ila kimoyomoyo, maana nilikuwa na njaa.

Nianze na sufuria ya shangazi. Enameli si rangi ya kupakwa kwa brashi. Ni kioo kilichosagwa unga, kikatandazwa juu ya chuma, kisha kikatiwa tanuruni kwenye joto la nyuzi 800 hivi mpaka kikayeyuka na kushikamana nacho. Ndiyo maana chombo chake kikigongwa kinalia kama glasi, na kikianguka kinabanduka kama glasi. Kampuni ya Le Creuset ya Ufaransa inatengeneza sufuria za aina hiyo tangu 1925. Mabakuli na masinia ya enameli ambayo bibi zetu waliyapanga juu ya kabati ni ndugu zake, ila yenyewe chini yake kuna bati jembamba. Kioo hakiliwi na ndimu wala ukwaju, kwa hiyo sufuria nzima, ambayo haijabanduka, kutoka kwa mtengenezaji makini, ni miongoni mwa vyombo salama kabisa unavyoweza kuteleka jikoni.

Hata hivyo, Somo hakuota tu. Rangi nyekundu, ya machungwa na ya njano kwenye enameli mara nyingi hutokana na kadimiamu, metali yenye sumu kweli. Watengenezaji makini huibakiza upande wa nje, ikiwa imefungwa ndani ya kioo, na upande unaogusa chakula huwa mweupe, wa rangi ya maziwa au mweusi. Sinia la zamani lisilojulikana lilikotoka, au lililobanduka ndani hadi bati likaonekana, lipumzishwe. Linafaa kuwekea makopo ya maua.

Sasa twende uani. Sufuria ya kumimina hutengenezwa kwa chakavu: pistoni za injini, vipande vya friji, makopo, na pamoja navyo rejeta zilizolehemewa kwa risasi na mabaki ya vifaa vya umeme. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660. Risasi huyeyuka mapema zaidi, kwenye nyuzi 327. Basi chochote chenye risasi kilichopenya kwenye lundo la chakavu huingia kwenye uji uleule, kikamiminwa kwenye kalibu ya mchanga na kutoka kikiwa sufuria. Macho hayaioni, pua haiisikii, wala ulimi hauijui.

Kiswahili kimeipa metali hii jina moja na kile kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki. Tofauti yake ni kwamba ile ya bunduki ina mlio. Hii ya jikoni ikiingia mwilini hujifanya kalsiamu, ikahamia mifupani na kukaa huko miaka mingi. Mama akishika mimba humgawia mtoto aliye tumboni bila kujua. Mtoto mdogo huathiriwa ubongo, akawa mzito wa kujifunza, na mwalimu akamwita mvivu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama.

Na haya si maneno ya vijiweni. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya vipimo vya vyombo 42 vya alumini kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwemo. Walichemshia ndani yake asidi nyepesi ya siki, kuiga chakula chenye uchachu. Karibu theluthi moja ya vyombo hivyo ilitoa risasi ya kutosha kuhatarisha afya. Huko huko Marekani aliko shangazi, wataalamu wa afya wa eneo la Seattle walikuta watoto wa wakimbizi kutoka Afghanistan wana risasi nyingi damuni. Walipochunguza majumbani mwao wakayakuta masufuria ya alumini kama haya yetu. Mwaka 2024 jimbo lao la Washington likatunga sheria ya kudhibiti risasi kwenye vyombo vya kupikia.

Simshitaki fundi. Fundi wa Gerezani hapa Dar es Salaam au wa Kamukunji kule Nairobi anamimina alichouziwa, na moshi wa tanuru lile anaanza kuuvuta yeye na watoto wake. Kumnyang'anya mama muuza sufuria bidhaa zake sokoni ni kutafuta sifa tu. Kazi iko kwenye lundo la chakavu. Wakaguzi wa viwango, wa TBS hapa kwetu na wa KEBS kule Kenya, waende kwenye matanuru na vipimo vya mkononi, vile vinavyosoma metali bila kuikata, wawafundishe mafundi kuchambua: hiki kimiminwe, hiki kisiguse moto. Kisha sufuria iliyopimwa igongwe mhuri ambao mnunuzi anauona.

Wakati tunawasubiri, jiko ni letu. Mchuzi wa nyanya, ukwaju, ndimu au maembe mabichi usipikwe wala kulazwa kwenye sufuria ya kumimina. Uji wa mtoto uhamishiwe sufuria nyingine kabla ya chakula kingine chochote. Acheni pia kusugua alumini kwa mchanga upande wa ndani mpaka ijitazamishe kama kioo. Ule weusi ni ngozi yake, unapunguza metali inayoingia chakulani.

Kikaango kisichogandisha kisipashwe moto kikiwa kitupu, maana kikipita kiasi hutoa mvuke unaoweza kuua ndege aliye tunduni. Chungu cha mfinyanzi kisichopakwa kitu cha kung'aa kinafaa, na sufuria ya chuma kisichoshika kutu vilevile. Na chuma kitupu, kile cheusi, kina faida yake. Utafiti uliofanywa Ethiopia na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba watoto waliopikiwa kwenye vyungu vya chuma walikuwa na damu nzuri zaidi kuliko wenzao waliopikiwa kwenye alumini.

Basi Somo, kwa heshima zote, itoe ile nyekundu kabatini. Mwali wako aipikie samaki wa ukwaju leo hii, na akimaliza aioshe kwa sifongo, asiitie stilwaya. Ile ya kumimina, mpaka siku itakapogongwa mhuri, ibaki ya kuchemshia maji ya kuoga.