Hoteli Ndiyo Ilikuwa Studio

Kuna watu hapa Kisauni wakisikia "mziki wa hoteli" wanacheka. Ati si sanaa, ni kufurahisha wazungu tu. Mimi nasema wanacheka wasichokijua.

Them Mushrooms walianza Mombasa mwaka wa 1972. "Jambo Bwana" ilitoka 1982, kwa kampuni ya PolyGram. Hesabu mwenyewe: miaka 10. Katikati hapo kuna nini? Kuna hoteli za pwani, usiku baada ya usiku, wageni wamekaa mbele. Teddy Kalanda aliutunga wimbo kwa Kiswahili kile kile wageni walichokuwa wakijifunza. Muda wa studio ni pesa, na bendi iliyopikwa hivyo haiingii kubahatisha: besi inajua pa kukaa, sauti zishapatana. Mwaka uliofuata Boney M nao wakaurekodi.

Sasa tuambiane ukweli. Kijana wa Likoni leo ana kompyuta, ana programu ya kurekodi, ana biti. Asichokuwa nacho ni jukwaa linalomlipa kila wiki. Hoteli ninazozijua zishamtoa mpiga dramu, zikamtoa mpiga besi, zikabakisha jamaa mmoja na kinanda chenye midundo ya kubonyeza. Halafu tunauliza bendi za Mombasa zimeenda wapi!

Kwa hivyo wacheni kucheka wanamuziki wa hoteli. Kawaulizeni wenye hoteli: bendi iko wapi, na inalipwa ngapi?