Masomo ni ya bure, lakini mtoto mwenye ulemavu anakaa wapi?

Tangu mwezi wa 9 mwaka 2019, shule za msingi za serikali hazipashwi tena kuomba wazazi pesa. Hapa mashariki mwa Kongo matokeo yalionekana mara moja: watoto wane kwenye dawati moja, wengine wamekaa chini, wengine wanasikiliza kutoka dirishani. Watoto waliokuwa wanauza biskuti na karanga barabarani walirudi masomo. Lakini kuna kundi ambalo masomo ya bure hayakulitoa nyumbani: mtoto kiziwi, mtoto asiyeona vizuri, mtoto anayetambaa, mtoto wa kifafa, mtoto anayechelewa kuelewa. Hao, kilichowafunga nyumbani hakikuwa minervali peke yake.

Kwa upande wa sheria, Kongo haina deni. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inasema kwenye kifungu cha 43 kwamba elimu ya msingi ni ya lazima na ni ya bure katika shule za serikali, na kifungu cha 13 kinakataza ubaguzi katika elimu. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inataja elimu maalum. Mwaka 2015 nchi ilijiunga na mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, ambao kifungu chake cha 24 kinataka mtoto asome pamoja na wenzake, katika shule ya mtaa wake. Halafu ikaja sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inayolinda haki za watu wanaoishi na ulemavu. Serikalini yupo pia waziri anayehusika nao tangu 2019. Karatasi zimejaa. Shida inaanza pale direkta wa shule anaposimama mlangoni mwezi wa 9, mzazi amemshika mtoto mkono, na darasa la kwanza limekwisha kuandikisha watoto 80.

Kabla ya kumlaumu direkta, inafaa kukumbuka tumetoka wapi. Kwa miaka mingi, mzazi mwenye mtoto mwenye ulemavu alikuwa na njia moja tu: kituo maalum. Bukavu watu wanajua Heri Kwetu, Goma wanajua Shirika la Umoja, vituo ambavyo vimesaidia watu wengi kupata miguu ya bandia, magongo na mazoezi ya viungo. Kwa viziwi, historia inamtaja mtu mmoja, Andrew Foster, mmarekani mweusi aliyekuwa kiziwi mwenyewe. Alianza kazi yake Ghana mwaka 1957, akafungua shule za viziwi katika nchi nyingi za Afrika, na nchi yetu ikiwamo wakati ilipoitwa Zaïre. Alikufa mwezi wa 12 mwaka 1987 katika ajali ya ndege karibu na Gisenyi, ng'ambo tu ya mpaka wa Goma. Lugha ya ishara inayotumiwa leo katika shule nyingi za viziwi za Kongo inatoka kwa sehemu kubwa katika kazi yake.

Vituo hivyo vimefanya kazi ambayo serikali haikufanya. Lakini viko mijini. Mzazi wa Shabunda, wa Walikale au wa Fizi hawezi kumpeleka mtoto asubuhi na kumchukua mchana. Ni lazima amwache huko, alipe chakula na malazi, na amwone wakati wa likizo kama barabara inapitika. Mwenye ng'ombe watatu anaweza kuuza mmoja. Asiye na kitu anamwacha mtoto nyumbani alinde nyumba. Ndiyo sababu wazo la kumweka mtoto katika shule ya kawaida, karibu na kwao, si mtindo wa wazungu. Kwa mtoto wa kijijini, ni hiyo shule au hakuna kitu.

Hata hivyo, neno "ulemavu" linachanganya mambo mengi ambayo hayafanani. Mtu akisema "watoto wenye ulemavu waingie wote shule za kawaida", anasema jambo jepesi kwa wengine na gumu sana kwa wengine.

Kwa mtoto ambaye miguu ndiyo haifanyi kazi, akili yake haina tatizo lolote na mwalimu hahitaji kujifunza kitu kipya. Kinachomshinda ni njia. Bukavu ni vilima: mtoto wa Kadutu mwenye magongo anashuka na kupanda ngazi za udongo, na mvua ikinyesha hata mwenye miguu miwili anateleza. Goma ni mawe ya volkano, tirisikli inaruka na magurudumu yanapasuka. Akifika, anakuta darasa la tano liko juu. Hapo dawa haihitaji mfadhili: darasa lake lihamishiwe chini mwaka huo, basi. Shule zilizofanya hivyo hazikungoja barua ya prove. Choo ndicho kigumu zaidi, na watu hawapendi kukizungumzia. Choo cha shimo, bila kitu cha kushika, kimejaa maji, mlango hauna hata kipande cha gunia. Msichana anayetembea kwa mikono ataingiaje humo? Anajizuia kunywa maji tangu asubuhi. Akifika umri wa kupata hedhi anaacha masomo, na kwenye rejista mwalimu anaandika tu kwamba mtoto haji tena.

Mtoto albino na mtoto asiyeona mbali wanapoteza mwaka mzima kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Wanakaa nyuma, hawaoni ubao, wanaitwa wavivu. Kuwaweka mbele, mbali na jua la dirisha, na kuandika herufi kubwa, hakugharimu franka moja. Miwani inagharimu, lakini hata bila miwani nafasi ya mbele inabadilisha mengi. Kipofu kabisa ni habari nyingine. Anahitaji braille, na mwalimu anayeisoma, na karatasi nzito ambayo haiuzwi kwenye kiduka cha mtaa.

Kifafa kinastahili maneno yake, hasa Ituri. Katika zone ya afya ya Logo, watafiti wamekuta kifafa kingi kinachohusiana na ugonjwa wa usubi, ule unaoletwa na vijinzi vinavyouma karibu na mito yenye maji ya kasi. Dawa ya kuuzuia, ivermectin, inagawiwa na watu wa afya. Lakini kwenye darasa, mtoto akianguka wenzake wanakimbia, kwa sababu wengi bado wanaamini kwamba mate yake yanaambukiza. Si kweli. Kifafa hakiambukizi kwa mate, wala kwa kumshika mgonjwa, wala kwa kula naye. Mwalimu akijua kumlaza mtoto upande, kuondoa vitu vigumu karibu naye na kutomwekea kijiko mdomoni, amekwisha kufanya kazi kubwa. Baada ya dakika chache mtoto anaamka na somo linaendelea. Kinachomtoa shuleni ni woga, na mara nyingine barua ya wazazi wa watoto wengine wanaotaka aondolewe. Direkta anayekubali barua ya namna hiyo anavunja katiba, hata kama hajui.

Na kiziwi? Hapa ndipo wanaopenda sana maneno "wote pamoja" wanapashwa kupunguza mwendo. Kwanza watu waache kumwita bubu: hasemi kwa sababu hasikii, si kwamba hana la kusema. Mtoto aliyezaliwa kiziwi, au aliyepoteza masikio baada ya uti wa mgongo, ugonjwa uliopiga Banalia huko Tshopo mwaka 2021, anafika darasa la kwanza bila lugha yoyote. Wenzake wanajua Kiswahili, wanaanza kujifunza Kifaransa. Yeye hajui ishara, kwa sababu nyumbani hakuna anayezijua. Ukimweka peke yake katikati ya watoto 80, na mwalimu anayeongea huku amegeukia ubao, atakuwa amehesabiwa kama mwanafunzi lakini hajifunzi kitu. Atanakili herufi vizuri sana, daftari lake litakuwa safi kuliko ya wengine, na hataelewa hata neno moja. Mwalimu anamsogeza mbele kwa huruma mpaka darasa la sita, na mtihani wa taifa unamrudisha nyumbani.

Mwaka 2020 ulionyesha jambo hilo wazi. Mwezi wa 3 shule zilifungwa kwa sababu ya Corona, na masomo yakapitishwa redioni. Kwa watoto wengi ilikuwa msaada, na kwa vipofu ilikuwa karibu sawa na wenzao kwa mara ya kwanza. Kwa viziwi redio ilikuwa sanduku tu. Redio zenyewe hazikulisema sana.

Kwa hiyo kwa viziwi, njia inayoonekana kufaa ni kuwakusanya kadhaa katika shule moja ya kawaida ya mji au ya kituo cha kijiji kikubwa, wawe na darasa lao na mwalimu anayejua ishara kwa miaka ya kwanza, kisha waingie na wengine kwa hesabu, michezo na kazi za mikono. Wanacheza uwanja mmoja, wanavaa sare moja. Watoto wanaosikia hujifunza ishara haraka kuliko walimu wao. Wako watu wazima viziwi waliosoma katika shule zile za zamani, ambao leo wanashona nguo au wanatengeneza viatu, na wanaijua lugha hiyo kama mama anavyojua jiko lake. Hakuna anayewaita shuleni, ati hawana diploma ya D6.

Mtoto anayechelewa kuelewa ndiye aliyesahauliwa kuliko wote. Anarudia darasa la kwanza mara mbili, mara tatu, mpaka anakuwa na ndevu kati ya watoto wa miaka saba. Programu ya shule haijui kumpima kwa yale anayoweza. Hapo sheria nzuri bila mtihani uliobadilishwa haisaidii kitu.

Yote haya yanamrudia mwalimu. Wengi walisoma humanités pédagogiques, na huko mambo ya ulemavu hayakuchukua nafasi kubwa. Gratwite iliondoa primu ya wazazi, na walimu ambao majina yao hayakuingia kwenye listi ya mshahara, wale wanaoitwa N.U., walibaki wakifundisha bila malipo. Tangu vita ilipofika Goma mwezi wa kwanza 2025 na Bukavu mwezi wa pili, mabenki yakafungwa, hata aliye kwenye listi anahangaika kupata haki yake. Kumwambia mtu huyo atayarishe somo la pekee kwa mtoto mmoja kati ya 80 kunahitaji ujasiri. Mashirika yanakuja na semina ya siku tatu, daftari, kalamu na pesa za usafiri. Mradi ukiisha, mwalimu aliyefundishwa anahamishwa shule nyingine, na ujuzi unahama naye.

Vita imeongeza pia idadi. Kuna watoto waliopoteza mguu kwa bomu au kwa risasi, na waliokuwa shuleni wakiwa wazima mwaka uliopita. Mtoto anakua, mguu wa bandia haukui. Unapashwa kubadilishwa mara kwa mara, na familia iliyohama mara tatu haijui tena kituo kiko upande gani. Cha ajabu ni kwamba hawa wa vita wanapokelewa vizuri zaidi. Mtaa unajua kilichowapata. Aliyezaliwa na ulemavu ndiye anayesemwa vibaya: mama yake alifanya nini, ukoo wao una nini, pengine ni mchawi. Ulemavu ni uleule, huruma ndiyo inayochagua.

Kwa wazazi pia kuna neno. Katika nyumba nyingi, pesa za sare na daftari zikiwa kidogo, wa kwanza kukatwa ni huyo. "Uyu atasoma mpaka afike wapi?" Swali hilo lina jibu mpakani Goma, ambako watu wenye ulemavu wanavusha bidhaa kwa tirisikli na kulisha watoto wao. Wale wanaojua kusoma na kuhesabu hawaibiwi kwenye kubadilisha franka. Wale wasiojua wanamlipa mtu awahesabie.

Uandikishaji wa mwezi wa 9 unafanyika shule kwa shule, na kwa kawaida direkta ndiye anayeamua siku ileile. Mzazi anayekataliwa anaweza kuomba sababu iandikwe kwenye karatasi, yenye muhuri, na kuipeleka kwa su-prove. Wachache sana wameomba karatasi hiyo. Wakurugenzi wengi, wakiombwa kuandika kwa mkono wao kwamba wamemkataa mtoto kwa sababu ya mguu wake, wanapata nafasi kwenye dawati.