Muziki wa Gari: Lipia Hatua, Usilipie Pakeji

Tembea Luthuli Avenue au Kirinyaga Road hapa Nairobi ukiwa na ufunguo wa gari mkononi, na hazitapita dakika tano kabla mtu hajakuita. "Mkubwa, muziki? Tuko na pakeji." Pakeji ni redio mpya, spika nne, woofa, amplifaya na waya zote, na kufungiwa ni "bure". Bei ni moja, nambari ya Till imebandikwa ukutani, na fundi tayari ameshika bisibisi. Unaweka PIN, unaacha gari, unarudi jioni.

Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo njia mbaya zaidi ya kununua muziki wa gari. Sisemi wauzaji ni wezi. Wengi si wezi. Shida ni kwamba pesa yote ikishatoka kwenye simu kabla hujasikia hata wimbo mmoja, uwezo wako wa kukataa umetoka nayo. Ni afadhali ulipe kwa hatua: nunua kitu kimoja, kifungwe, ukisikilize, ndipo uamue kama shilingi nyingine itoke. Na ukielewa jinsi sauti ya gari inavyofanya kazi, utaona kwamba hatua ndizo pia zinaleta muziki mzuri.

Hatua ya kwanza haina bei

Kabla ya kununua chochote, kaa kwenye gari, zima injini, uweke wimbo unaoujua vizuri. Ingia kwenye mipangilio ya redio, sogeza sauti kushoto peke yake, halafu kulia, halafu mbele, halafu nyuma. Mara nyingi utagundua spika moja imekufa au imeraruka, na hiyo ndiyo inaharibu sauti ya gari zima. Magari mengi tunayoendesha yametumika Japani miaka kadhaa kabla ya kufika bandarini Mombasa. Spika nyingi za kiwandani ni za karatasi na zina sumaku ndogo. Jua na unyevu vikizipiga miaka hiyo yote, zinachoka.

Jambo la pili ni redio yenyewe. Redio iliyokuja na gari kutoka Japani imetengenezewa masafa ya FM ya huko, yanayoanzia 76 na kuishia 90 au 95, kutegemea umri wake. Hapa kwetu stesheni zinafika 108. Kama tatizo lako ni kwamba hupati stesheni unayoipenda, dawa inaweza kuwa ekspanda ya masafa au redio nyingine. Spika mpya hazitakusaidia kwa hilo. Mtu wa pakeji hatakuuliza swali hili, kwa sababu jibu lako linaweza kumpunguzia mauzo.

Hatua ya pili ni spika mbili za mbele

Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu, nunua spika mbili za milango ya mbele. Dereva na anayekaa kando yake ndio wanaosikiliza muda mwingi, na masikio yao yako mbele. Spika za nyuma zinaweza kungoja mwaka mzima na usione tofauti kubwa.

Pima kwanza ukubwa. Milango mingi ya mbele inabeba spika ya inchi 6.5, lakini si yote. Toyota nyingine zina ya umbo la yai, inchi 6 kwa 9. Kina nacho ni muhimu: spika yenye sumaku nene inaweza kugusa kioo kikishuka. Pete za kushikia spika zipo madukani, na soketi za kuunganisha bila kukata waya za gari zipo pia. Mwambie fundi kabla ya kulipa kwamba hutaki waya zikatwe. Siku ukiuza gari, utarudisha spika za zamani na kubaki na zako.

Sasa tuongee kuhusu wati, maana hapo ndipo watu wengi wanalipia hewa. Sanduku likiandikwa "wati 500" kwa maandishi makubwa, hicho ni kilele cha sekunde moja, au hata si hicho. Tafuta neno RMS. Ndilo linalokuonyesha nguvu ambayo spika inaweza kubeba mfululizo. Redio nazo zinaandikwa "50W x 4", lakini redio ya kawaida isiyo na amplifaya hutoa wati 15 hadi 22 hivi kwa kila spika. Kwa hivyo spika ya wati 500 ukiiunganisha na redio hiyo haitapata wati 500 hata ukiomba.

Nambari itakayokusaidia zaidi ni ile ya desibeli, yaani spika inatoa sauti kiasi gani kwa nguvu ndogo. Spika ya desibeli 90 ikipewa wati 15 inalia sawa na ya desibeli 87 iliyopewa wati 30, kwa sababu kila desibeli 3 ni sawa na kuongeza nguvu mara mbili. Kwa mtu ambaye hana amplifaya, desibeli hizo tatu ni pesa aliyookoa. Uliza swali hilo dukani. Muuzaji anayejua kazi yake atakugeuzia sanduku akuonyeshe. Anayekujibu "hii inapiga sana, mkubwa" hajakujibu.

Mlango nao ni sehemu ya spika. Una mashimo mengi ndani, na bati lake linatetemeka. Sauti ya nyuma ya spika ikipita kwenye mashimo hayo, inakutana na ya mbele na besi inapotea. Karatasi nzito ya kunata ya kuzuia mtetemo, ikibandikwa kwenye bati na kufunika mashimo makubwa, inaweza kukupa besi ambayo ulidhani lazima ununue woofa ili uipate.

Pesa inatokaje?

Tuseme una shilingi 24,000. Hizi si bei za soko, ni mfano wa mgawanyo. Tenga 12,000 za spika mbili nzuri za mbele, 5,000 za pete, soketi na karatasi ya milango, na 4,000 za kazi ya fundi. Bakisha 3,000 kwenye simu, maana ukifungua mlango wa gari la zamani huwezi kujua utakuta nini.

Bidhaa zilipie kwenye Till au Paybill ya duka. Jina la biashara likitokea kwenye simu, lisome na ulilinganishe na lililo kwenye bango na kwenye risiti. Kama duka linaitwa hivi na jina linalotokea ni la mtu binafsi, uliza kabla ya kuweka PIN. Kuna muuzaji atakayekuambia, "Till iko na shida leo, tuma tu kwa hii namba yangu." Inaweza kuwa kweli. Lakini ukituma kwa namba ya mtu, ujumbe wako utasema tu kwamba ulimtumia fulani pesa. Hautaonyesha kwamba ulinunua spika dukani. Na usitegemee huduma ya kurudisha pesa. Hiyo imewekwa kwa mtu aliyekosea namba. Haiwezi kuamua kama spika uliyouziwa ni halisi au bandia.

Kazi ya fundi ilipie kando, na ulipe ukishasikiliza. Hapa lazima tuwe waungwana. Fundi naye anaogopa mteja atakayewasha gari na kupotea, na ana sababu. Mpe sehemu ya pesa asubuhi, mkubaliane salio ni kiasi gani na litalipwa baada ya majaribio gani. Andika kwa ujumbe mfupi: "Nimekulipa 1,500, salio 2,500 baada ya kujaribu spika na vioo." Ujumbe huo unamlinda yeye na unakulinda wewe.

Wakati wa majaribio fanya haya. Shusha na upandishe vioo vyote. Sikiliza kama paneli ya mlango inagongana. Sogeza sauti kushoto kabisa, kisha irudishe katikati. Besi ikipungua spika zote mbili zikilia pamoja, huenda waya za moja zimegeuzwa, chanya mahali pa hasi. Ni kosa la kurekebishwa kwa dakika chache, lakini ukishalipa kila kitu na kuondoka, kurudi kwake ni foleni ya Jumamosi.

Na simu yako isitoke mkononi. Fundi akisema "nipe simu niunganishe Bluetooth", unganisha mwenyewe. Redio nyingi zitakuomba ruhusa ya kusoma namba na ujumbe wako. Kataa ya ujumbe. Hutaki ujumbe wa malipo na salio lako utokee kwenye kioo cha redio mbele ya abiria. Siku ukiuza gari, futa simu yako kwenye redio kabla ya kutoa ufunguo.

Woofa na amplifaya zingoje

Najua kuna msomaji anasema: mimi nataka ile besi ya matatu. Ni haki yako. Ila hiyo ni hatua ya tatu, na ina hatari ambayo spika za mlango hazina. Amplifaya inayovuta wati 600 kwenye mfumo wa volti 12 inavuta ampea 50. Umeme huo unatoka moja kwa moja kwenye betri, na waya unapita chini ya zulia la gari. Ukiwa mwembamba, unachemka. Ukikwaruzwa na bati bila fyuzi, unashika moto, na fyuzi ndogo iliyo kwenye amplifaya huko nyuma haiwezi kuuzuia. Lazima kuwe na fyuzi karibu na betri, isizidi sentimita 45 hivi kutoka hapo.

Waya wenyewe ukague. Mwingine ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Ukwaruze kwa kisu: ukiona weupe ndani, si shaba tupu, na hauwezi kubeba umeme sawa na wa shaba wenye unene uleule. Kwenye pakeji ya bei rahisi, waya na fyuzi ndipo bei huwa imepunguzwa, kwa sababu mteja anatazama woofa na hatazami zulia. Ukinunua kwa hatua, waya unauona ukiwa mkononi mwako kabla haujafichwa.

Kuna hoja dhidi yangu, nami naikubali kwa sehemu. Pakeji mara nyingi ni nafuu ukijumlisha, na ukienda kwa hatua utamlipa fundi mara mbili. Ni kweli. Lakini watu wengi wakishafunga spika nzuri mbele na kuziba milango, wanatosheka. Woofa waliyotaka kununua haikuhitajika tena. Kazi ya fundi mara mbili ni rahisi kuliko amplifaya ambayo imekaa kwenye buti ikikula betri.

Hatua pia zinakutoa kwenye mkopo. Pakeji ya mara moja ndiyo inayokufanya ujaze pengo kwa mkopo wa simu wakati mshahara bado. Spika hazikuletei pesa ya kulipa mkopo huo. Kama huna pesa ya woofa mwezi huu, spika za mbele zitaendelea kuimba hadi mwezi ujao.

Mambo yakiharibika

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, na haki ya kupata habari anazohitaji. Duka likikataa kubadilisha spika mbovu, kuna Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na huhitaji wakili. Lakini utaulizwa: ulilipa nani, lini, kwa kitu gani? Mwenye ujumbe wa Till wenye jina la duka, risiti iliyoandikwa aina ya spika, na picha ya sanduku, ana jibu. Aliyetuma pesa yote kwa namba ya mtu, kwa "pakeji" isiyoorodheshwa popote, atapata shida hata kueleza alinunua nini.

Kwa hivyo ukiitwa wikendi hii, "Mkubwa, muziki?", simama, salimia, halafu uliza bei ya spika mbili za mbele peke yake. Uliza RMS, uliza desibeli, uliza kama zitajaribiwa kabla ya kulipia kazi. Kuna duka litakalokujibu bila kukasirika. Hilo ndilo la kupewa pesa yako.