Nyangumi anatuhusu nini sisi wakulima?

Wengine watauliza: sisi watu wa mihogo na maharagi, nyangumi wa baharini anatuhusu nini? Sisi maagronome tunasema: anatuhusu sana.

Dawa kama DDT haiozi haraka. Haikai katika maji, inakaa ndani ya mafuta ya mwili. Vijidudu vya maji vinameza kidogo, samaki wadogo wanakula vijidudu vingi, wakubwa wanakula wadogo. Kila ngazi, sumu inaongezeka. Nyangumi mwenye meno iko karibu juu kabisa, na mama anapitisha sumu kwa mtoto katika maziwa.

Hata watu ni vile vile. Wainuit wa kaskazini ya Kanada hawalimi, wanakula nyama na mafuta ya wanyama wa bahari. Miaka ya 1980, waganga walikuta maziwa ya wamama wa Nunavik yana PCB, sumu ya viwanda vya mbali, karibu mara tano kupita wamama wa kusini ya Quebec.

Kwetu, maji ya Tanganyika yanapita Lukuga, yanaingia Lualaba, yanafika Atlantiki. Lakini kabla ya nyangumi kuna ndakala wetu, na mama anayenyonyesha.

Mkataba wa Stockholm wa 2001 unakataza DDT katika kilimo. Basi, unga wa dawa usio na etiketi, koperative isiununue, hata ukiwa bei ya chini. Pompi tusiioshe mtoni. Bei hiyo ya chini, watoto wetu njo watailipa.